Joto la Shokapu: Miaka Mia Moja ya Barabara za Ugogo

Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, wapanda farasi wa Afrika Kusini waliopigana upande wa Waingereza, wakiongozwa na Jenerali Jacob van Deventer, waliingia Kondoa Irangi. Mvua za masika ziliwafuata nyuma, zikakata njia ya kuwaletea chakula na risasi. Farasi walikufa kwa maelfu. Malori mazito yalizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, na yale yaliyosukumwa yakatoka yaliharibu njia kiasi kwamba lililofuata halikuwa na pa kupita. Ilipofika tarehe 29 Julai, jeshi hilo lilikuwa Dodoma, mji wa reli uliofikiwa na treni ya Wajerumani miaka sita tu nyuma. Kadiri vita ilivyoendelea, Waingereza waligundua kwamba gari lililowafaa zaidi barani humu lilikuwa dogo: Ford Model T, lenye uzito wa kilo 540 hivi, ambalo likikwama askari wachache waliweza kulinyanyua kwa mikono.

Model T haikuwa na shokapu hata moja. Ilikuwa na springi mbili za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, moja ikiwa imelazwa kukingama mbele na nyingine nyuma. Gurudumu likipanda jiwe, vyuma vile vilipinda kisha vikajinyoosha, na katika kusuguana kwao sehemu ya nguvu ya mshtuko iligeuka joto. Joto hilo lilitawanyika kwenye chuma kirefu kilichokuwa wazi kwa upepo, kwa hiyo hakuna aliyelisikia. Tatizo lilikuwa upande wa pili: msuguano huo ulikuwa haba na haukuwa na mpangilio. Vyuma vikipakwa grisi, gari lilidunda bila kukoma. Vikishika vumbi na kutu, vilikakamaa na kila pigo likaenda moja kwa moja kwenye ekseli na migongo ya abiria.

Hapo ndipo historia hii inapoanzia. Springi haimalizi nishati ya mshtuko, huipokea na kuirudisha. Lazima kiwepo kifaa kingine cha kuila, na nishati ikiliwa ndani ya gari ina njia moja tu ya kutokea, nayo ni joto. Shokapu kwa kazi yake halisi ni jiko dogo lililofungwa karibu na kila gurudumu. Mafundi wengi huizungumzia kwa kuvuja, kugonga na kulegea. Mimi nadhani kwenye uwanda wa kati, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni na kutoka Kondoa hadi Mtera, mengi ya hayo ni matokeo tu. Chanzo ni joto lililokosa pa kwenda.

Ulaya na Marekani zilikuwa tayari zinahangaika na jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault alibuni sahani zilizobanwa pamoja zikasuguana, na Mmarekani Edward Hartford akaziuza kwa wingi kwa jina lake. Zilifanya kazi vizuri, lakini zikipata moto zilianza kuteleza. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, alichukua njia ya mafuta: kisanduku cha chuma chenye mkono unaotikiswa na ekseli, ambapo mafuta husukumwa kupitia tundu jembamba. Ford ilipoiacha Model T na kuleta Model A mwishoni mwa 1927, ilizifunga shokapu za Houdaille kwenye magurudumu yote manne.

Kisanduku cha Houdaille kilikuwa na mafuta machache, na kilibanwa kwenye fremu ya gari. Bahati yake ilikuwa hiyo fremu, kwa sababu chuma kizito kilivuta joto kutoka kwenye kisanduku. Hata hivyo mafuta yalipopata moto yalipungua mnato, na mkono uliokuwa mgumu asubuhi ulitikisika ovyo ifikapo saa nane mchana.

Badiliko lingine la miaka hiyo halitajwi mara nyingi kwenye habari za shokapu, nami naliona kubwa kuliko Houdaille. Mwaka 1923 kampuni ya Firestone ilianza kuuza matairi manene yenye upepo mdogo. Tairi jembamba la Model T lilijazwa hadi paundi 55 au 60. Matairi mapya yalitosheka na nusu ya hapo. Tutarudi kwenye jambo hili, kwani wanasayansi walichukua karibu miaka 90 kueleza kwa hesabu kwa nini lilikuwa na uzito.

Dodoma ilikuwa njia panda. Kutoka kaskazini kuelekea kusini ilipita ile barabara ambayo wakoloni wa Kiingereza waliiota kama njia ya kutoka Cairo hadi Cape, ikishuka Arusha, Babati, Kolo, Kondoa, Dodoma, ikavuka Ruaha na kupanda Iringa. Kutoka mashariki kuelekea magharibi ilienda reli, na kando yake njia ya magari. Miaka ya 1930 hata ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikienda kusini zilitua Dodoma. Njia yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya udongo na changarawe, na tabia yake ilitawaliwa na anga. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukame mtupu na upepo. Udongo hukauka, ukapoteza kinachoushikamanisha, na barabara ikajikunja kama mabati.

Dereva yeyote aliyepita barabara ya aina hiyo anaijua mikunjo ile. Mwanasayansi Keith Mather, katika makala aliyoitoa mwaka 1963, alieleza majaribio ya kuzungusha gurudumu dogo kwenye njia ya duara na kuonyesha kwamba gurudumu linalodunda juu ya uso mkavu wa punje punje hujichongea mawimbi lenyewe likishapita mwendo fulani. Greda likipita leo, mikunjo hurudi magari yakianza kupita tena. Umbali kati ya tuta na tuta mara nyingi ni kati ya nusu mita na mita moja. Piga hesabu ya gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa juu ya mikunjo ya sentimita 80: gurudumu hupigwa mara 14 kila sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo gurudumu na ekseli ya gari dogo hupenda kudunda zenyewe. Ndiyo maana madereva waligawanyika makundi mawili, wale wa kwenda taratibu kabisa na wale wa kukanyaga mafuta hadi gari lielee juu ya vichwa vya matuta. Kundi la pili hutulia vitini, lakini chini yao pistoni za shokapu zinapiga mara 25 kwa sekunde bila kupumzika. Mwili haushtuki, na shokapu inaungua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili uwanda huu ulipokea magari mengi ghafla. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, mashariki ya Dodoma, ukameza pauni milioni 36 na kufutwa mwaka 1951. Kifaru cha Sherman kiligeuzwa trekta, na mitambo chakavu ya vita ikaletwa kufyeka vichaka vya Ugogo. Karanga hazikuota za kutosha. Ila ni katika miaka hiyohiyo ambapo Land Rover, iliyotoka kiwandani mwaka 1948, ilianza kuenea Afrika Mashariki ikiwa na springi bapa na shokapu za mrija. Muundo huo wa mrija, unaosimama wima karibu na gurudumu na kupigwa na upepo, ndio tunaouona hadi leo. Volkswagen nayo ilibadilisha shokapu za mkono za nyuma kwa za mrija mwaka 1951.

Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Mei 1953, kundi la waendesha magari wa Nairobi waliandaa mashindano ya magari yaliyoitwa Safari, ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lilitoka kwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, ambaye hakuona raha ya kuzunguka uwanjani na alitaka kuvuka nusu ya Afrika na kurudi. Hakukuwa na mshindi wa jumla mwaka ule. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen ya kobe, gari la kilo mia saba na kitu. Mwaka 1956 Cecil mwenyewe akashinda kwa DKW, gari dogo pia. Sehemu za Mbulu, ambako uwanda wa kati unakatwa na miinuko ya Bonde la Ufa, zilipata sifa mbaya kwa madereva.

Safari ilikwenda usiku na mchana. Shokapu ya gari la kawaida hupumzika dereva anaposimama kunywa chai, na ya mshindani haikupata nafasi hiyo. Wakati huo karibu zote zilikuwa za mirija miwili: wa ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, na wa nje unaohifadhi mafuta ya akiba na hewa kidogo juu yake. Muundo huo una kasoro mbili za joto. Kwanza, joto huzaliwa kwenye mrija wa ndani na lazima livuke mafuta ya akiba ndipo lifike nje. Pili, hewa ile huchanganyika na mafuta yanayotikiswa, likatokea povu, na pistoni inayopita kwenye povu haikuti upinzani wowote. Dereva huhisi gari limeanza kuogelea. Akisimama nusu saa, povu hutulia na shokapu hufufuka, na fundi akiikagua haoni ubaya.

Dawa ilitoka kwa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliondoa mrija mmoja. Mafuta yakakaa kwenye mrija pekee unaoguswa na upepo wa nje, na chini yake akaweka gesi iliyoshindiliwa, ikitengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Shinikizo la gesi hiyo ni zaidi ya mara kumi ya upepo wa tairi la gari dogo, hivyo povu halipati nafasi. Kampuni ya Ujerumani ya Bilstein ilichukua haki za uvumbuzi huo na kuanza kuupeleka kwa Mercedes-Benz mwaka 1957. Lakini barabara zetu zilikuwa na neno lao. Jiwe likiubonyeza mrija wa pekee, pistoni hukwama na shokapu imekwisha. Yenye mirija miwili hubonyea nje ikaendelea kufanya kazi. Hadi leo ukimsikia mtu wa Kondoa akisifu shokapu za kizamani kwa ugumu wake, usimcheke.

Tanzania nayo ilipata bingwa wake. Bert Shankland, Mskochi mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Gari hilo, lililoingia sokoni mwaka 1960, lilikuwa na uzito wa kilo 1,100 hivi na springi laini zinazoruhusu gurudumu kusafiri mbali juu na chini. Mwendo mrefu wa gurudumu unataka shokapu ndefu, na shokapu ndefu ina mafuta mengi na ngozi pana ya kutolea joto. Faraja iliyokusudiwa kwa barabara mbovu za Ufaransa ikawa kinga ya joto Afrika. Sisemi hilo pekee ndilo lililoipa ushindi: mwaka 1963 magari saba tu kati ya 84 yalimaliza, mwaka 1968 saba kati ya 93, na matope ndiyo yaliyoyaondoa mengi. Lakini Safari, iliyokuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, ilikuwa na matope na vumbi kwa zamu, na matope yaliyokauka ni adui mkubwa wa shokapu kuliko yalivyo mabichi.

Tuweke hesabu mezani. Chukua shokapu ya gari dogo, mrija wa kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 35, ikiwa na chuma kilo 2 na mafuta robo kilo. Tuseme barabara inaitia wati 200. Kama joto lisingetoka kabisa, ingepanda nyuzi 8 hivi kila dakika. Kwa upepo wa mwendo wa kawaida chini ya gari hutulia ikiwa imezidi hewa kwa nyuzi 90. Dodoma mchana wa Novemba hewa ni nyuzi 30, kwa hiyo shokapu imefika 120, na hapo sili za mpira wa kawaida huanza kukakamaa na kupasuka. Ongeza kwamba Dodoma iko mita 1,120 juu ya bahari: hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, huondoa joto pungufu, na hizo ni nyuzi sita nyingine. Funika mrija huo kwa tope kavu la unene wa sentimita moja, na uwezo wake wa kupoa hupungua kwa zaidi ya theluthi. Hata rangi ina sehemu yake: mrija mweusi hutoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko uliong'arishwa, kwa hiyo anayekwangua rangi ili shokapu imetemete anajidhuru.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki ndani ya Kenya. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, lakini miaka iliyofuata ilikuwa ya fedha za kigeni kuadimika, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Vipuri vilikuwa haba. Mafundi walitoboa shokapu zilizovuja, wakazijaza upya na kuchomelea tundu, na kazi hiyo bado ipo gereji za mitaani. Mafuta yaliyopatikana kwa urahisi yalikuwa ya injini. Mafuta ya shokapu yana mnato wa karibu 10 hadi 15 yakiwa na nyuzi 40, kwa kipimo kinachotumika viwandani. Mafuta ya injini namba 40 yana karibu 150 kwa joto hilohilo, na hushuka hadi 15 hivi yakifika nyuzi 100. Ina maana kwamba shokapu iliyojazwa mafuta ya injini hukakamaa kama gogo asubuhi, na huwa shokapu ya kawaida pale tu inapoungua. Fundi aliyemwambia mteja "iendeshe kwanza, italainika" alikuwa anasema kweli, ingawa kweli hiyo ilikuwa inakula sili.

Sasa turudi kwenye matairi. Mwaka 2013 watafiti Lei Zuo na Pei-Sheng Zhang, Marekani, walichapisha hesabu ya nishati inayopotea kwenye shokapu, kwa nia ya kuigeuza umeme. Walikadiria kwamba gari la kati likienda kilomita 97 kwa saa kwenye barabara nzuri au za wastani hupoteza wati 100 hadi 400 kwa jumla. Barabara mbovu huzidisha hapo sana. Na walionyesha jambo ambalo watu wengi hulikosea: kiasi cha joto hutegemea zaidi ukali wa barabara, mwendo na ugumu wa tairi. Uzito wa bodi haubadilishi sana. Kwa hiyo gari dogo halipati nafuu yoyote ya bure. Likipewa matairi magumu linapokea karibu joto lilelile la gari zito, na shokapu zake ni nyembamba. Kobe ya Preston, kwa maoni yangu, ilisaidiwa na matairi yake ya upepo mdogo sawa na ilivyosaidiwa na wepesi wake, na Firestone ya 1923 ilifanyia shokapu wema ambao Houdaille hakuufikia.

Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Mwaka huohuo Rais Magufuli alizindua lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa na ile ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera. Njia ya van Deventer, iliyomaliza farasi na malori, leo hupitwa kwa saa chache na gari dogo la abiria. Lami imepunguza joto la shokapu kuliko uvumbuzi wowote uliotangulia. Ila lami huishia pembeni ya barabara kuu. Anayekwenda vijijini Bahi, Chemba au ndani ya Chamwino bado anakanyaga mikunjo ileile, na sasa anaikanyaga kwa Probox, Noah au bajaji iliyobuniwa kwa miji yenye lami. Probox hiyo hubeba watu kumi na magunia juu, na ili matairi yasipasuke dereva huyajaza upepo hadi yawe kama mawe. Mzigo humaliza nafasi ya springi, upepo mwingi huongeza joto, na shokapu yenyewe mara nyingi imekuja na gari lililotumika miaka kumi Japani.

Kama una gari dogo na njia yako ni ya vumbi, jaza upepo kulingana na mzigo halisi, si kwa hofu ya pancha. Ukifika, osha tope kwenye shokapu lingali bichi. Kisha, baada ya kilomita ishirini za mikunjo, zisogelee zote nne kwa tahadhari na usikie joto lake bila kushika, maana zinaweza kuunguza. Zikiwa na moto sawasawa, ziko salama. Ile iliyo baridi wakati wenzake wanaungua haifanyi kazi tena, mafuta yake yamekwisha, na ndiyo ya kubadilisha pamoja na mwenzake wa upande wa pili.